Jina kwa Penseli

Tulikuwa tunaimba wimbo wa kumzika, na yeye akatokea mlangoni.

Kila nikijaribu kuanza mbali, kwenye vita au kwenye kinanda, mkono unanirudisha pale pale: darasa la tano la shule ya msingi, saa kumi jioni, wanakwaya wamesimama kati ya madawati, na mwanamke tuliyekuwa tunamtaja katika wimbo kama marehemu ameshika mwimo wa mlango, anahema. Mama yake yuko nyuma yake, amebeba kigoda kwa ajili ya kumpumzisha njiani. Tarumbeta iliendelea kulia peke yake kidogo, maana mpigaji alikuwa ameupa mlango mgongo. Kisha naye akageuka.

"Endeleeni," mwanamke akasema. "Nani amekufa?"

Mwalimu wa kwaya nilikuwa mimi. Aliyeandika jina lake katika daftari la maziko nilikuwa mimi.

Kwetu ni Muleba, upande wa Izigo, migomba na kahawa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilijua kusoma nota za do-re-mi. Mambo hayo mawili yalitosha nikakabidhiwa kwaya ya kigango, kanisa dogo lililokuwa likitembelewa na padri mara moja kwa mwezi. Kabla ya vita tuliimba kama vigango vyote. Vita vya Kagera vilipokwisha, kwaya ikajaa watu waliotupwa kwetu na vita na ziwa. Mgambo mmoja alirudi kutoka Uganda na tarumbeta. Tulipomuuliza ameitoa wapi alisema, "Ilikuwa inalia peke yake, nikaihurumia." Mvuvi Mjaluo wa visiwani, aliyekuwa akileta dagaa gulioni, alibaki Jumapili moja kusali, akaimba sauti ya nne mpaka madirisha yakatetemeka, tangu siku hiyo tulimwekea nafasi kwenye benchi. Mzee mmoja mpiga enanga, ile zeze yetu ya kulaza magotini, alikubali kuingia kanisani na chombo chake kwa sharti kwamba asiambiwe lini aanze na lini anyamaze.

Na alikuwepo yeye, mwanamke huyu, binti wa kwetu aliyekuwa ameolewa Kampala. Vita vilimrudisha kwa mama yake na sanduku moja. Aliimba sauti ya pili. Alijua Kihaya, Kiswahili, Kiganda, Kilatini cha misa, na Kijaluo cha kutosha kumtania yule mvuvi.

Nikapata wazo kubwa, na sijutii wazo lenyewe. Kanisa jipya la matofali lilikuwa linajengwa, na nilitaka siku ya kulibariki tuimbe wimbo mmoja wenye lugha zetu zote, kila lugha iimbwe kwa namna yake. Wazee wangeanza Kilatini taratibu, bila ngoma. Mzee wa enanga angeingia na Kihaya chake, nusu kuimba nusu kusimulia. Mvuvi angeita kwa Kijaluo na kwaya imwitikie. Ungefuata ubeti wa Kiganda, wa mtu mmoja. Mwisho wote kwa Kiswahili, kinanda na tarumbeta na ngoma pamoja.

Shida ilikuwa enanga na kinanda. Havikupatana. Nyuzi za mzee zilikuwa na sauti zake, na kinanda changu cha kukanyaga kwa miguu kilikuwa na zake. Nilimwomba mzee akaze nyuzi kidogo.

"Mwana wange," akanijibu, "hii niliirithi kwa baba yangu. Hicho kisanduku chako kililetwa na meli. Kipi kilichopotea njia?"

Kwaya ikacheka, mimi nikakasirika. Mwanamke ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Mwalimu, acheni vyombo vyote vinyamaze kwenye ubeti wangu." Akaanza kuimba Kiganda kwenye sauti ileile ambayo enanga iliishia, peke yake, polepole, akipanda kidogo kidogo kwa namna ambayo hukuweza kusema amebadilika wapi, na alipofika neno la mwisho, nikakanyaga kinanda: alikuwa kwenye sauti ya kinanda kabisa. Mzee wa enanga alitikisa kichwa. Mgambo akasema, "Huyu angefaa kuvusha jeshi mtoni."

Hivyo ubeti ule ulikuwa wake. Haukuwezekana kuandikwa kwa do-re-mi. Nilijaribu.

Kisha watu wakaanza kufa.

Vifo tulikuwa tumevizoea, lakini siyo namna ile. Vijana wenye biashara, wake zao, halafu kaka aliyekuja kuwazika. Ugonjwa wenyewe tuliuita kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivuka mpaka, kwa sababu waliokuwa wakivaa kitambaa hicho ndio walioanza kukonda. Kwetu jirani akifa hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe. Ikafika mahali vibanja, mashamba yetu ya migomba, vinaota nyasi, maana kila siku kulikuwa na msiba wa kusimamisha jembe.

Kwaya ilitakiwa kote. Desturi ya kigango chetu ilikuwa kumwimbia marehemu kwa jina lake, jina la ubatizo na la ukoo, ndani ya ubeti. Hatukuwa na nafasi ya kujifunza wimbo mwingine, kwa hiyo tuliuchukua wimbo wetu wa lugha zote tukaubadilisha maneno, ukawa wa maziko. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu jina refu haliingii mahali pa jina fupi, na kila jina lilitaka kupangwa upya. Siku moja tuliimba kaburini bila kujiandaa. Sauti ya kwanza wakataja jina la marehemu wa juzi yake, sauti ya nne wakataja la huyu. Mjane aliinua uso kutoka chini akatutazama. Sikupata usingizi kwa aibu.

Ndipo nilipoanzisha utaratibu wangu. Mtu akipewa mpako wa wagonjwa, yaani padri akiitwa kumpaka mafuta, mimi naandika jina lake katika daftari la kwaya na kuanza mazoezi. Niliandika kwa penseli. Akifa, tuko tayari. Akishazikwa nafuta kwa kifutio, mahali palepale naandika mwingine.

Hakuna aliyenizuia. Nasema hivi si kwa kuwalaumu, bali kwa sababu mpaka leo nashangaa jinsi jambo la kutisha linavyoweza kuitwa maandalizi. Watu wakawa wanapita dirishani kusikiliza ni zamu ya nani. Mama mmoja alituuliza, "Mwalimu, shangazi naye mmemwanza?" kama anayeuliza habari za gauni kwa fundi cherehani.

Yule mwanamke wa ubeti wa Kiganda akaanza kukohoa msimu wa mvua. Akakonda. Alikuwa ametoka Kampala, mume amemwacha huko. Hakuna aliyehitaji daktari ili kujua. Nasema "kujua", kwa sababu ndivyo tulivyosema. Kwenye benchi la sauti ya pili wenzake wakawa wanamwachia nafasi upande huu na upande ule. Kikombe cha maji cha mazoezi, nilianza kuja na changu. Alikiona. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akaenda kunywa mtoni.

Alipoacha kuja mazoezini, ubeti wa Kiganda nikampa binti mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye sauti nzuri lakini asiyejua njia ya kutoka kwenye enanga kwenda kwenye kinanda. Padri alipokuja kumpaka mafuta mwanamke yule, kesho yake nikachonga penseli.

Nyumba ya mama yake ilikuwa karibu na kanisa. Nilitambua kwamba angetusikia, kwa hiyo nikahamisha mazoezi, tukavuka bonde mpaka shuleni. Hilo ndilo linalonihukumu. Mtu asiyejua kosa lake hahamishi mazoezi. Wala sikukumbuka kitu ambacho kila mtoto wa kwetu anakijua, kwamba ukiwa ng'ambo ya bonde unasikika vizuri zaidi kuliko ukiwa jirani. Ndivyo tunavyoitana kwenda kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Nani amekufa?" akauliza tena. Akanitazama. "Mwalimu. Nilikuwa nakunywa uji. Mama ndiye aliyesikia kwanza, kijiko kikamwanguka. Akasema, kumbe kuna mwingine wa jina lako. Nikamwambia, Mama, mwingine wa jina langu na wa ukoo wetu, aliyekaa Kampala?"

Mama yake aliweka kigoda chini. Alikuwa mtu wa kuheshimika, na nilizoea kumwinamia njiani, "Kaboneka, waitu." Siku ile salamu haikutoka. Yeye ndiye aliyenitazama akasema, "Mwalimu, umeniachia hata wiki moja ya kuwa naye?"

Mwanamke alikaa kwenye kigoda. "Mmenizika mara ngapi?"

"Leo ya tatu," mgambo akasema. Nadhani ilimtoka tu kwa mazoea ya kijeshi. "Ya kwanza hatukufika mwisho, mvua ilinyesha."

Yule mvuvi akamkanyaga mguu.

"Nipeni daftari."

Likapita mkono kwa mkono. Akalifungua. Akaliona jina lake, akalifuata kwa kidole. Halafu akainua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwaruzika kwa kufutwa, na chini ya jina lake kulikuwa na makovu ya mengine. Alitazama muda mrefu. Nilitegemea alie au anitukane.

"Sauti ya pili," akasema, "mnauburuta wimbo. Nimewasikia toka ng'ambo, mnaburuta kama mnavuta ndama. Na Kiganda chenu ni cha kuuzia sangara. Mzikeni mtu kwa Kiganda cha adabu."

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo, kisha watu wengi wakacheka kwa pamoja, na katikati ya kicheko binti niliyempa ubeti akaanza kulia.

"Wewe usilie," akamwambia. "Wewe si mwalimu." Akanigeukia. "Siku ya kubariki kanisa, ubeti wangu unaimbwa na nani?"

Macho yangu yakamwendea binti.

"Mwalimu, mimi naomba kitu kimoja tu. Ya maziko fanyeni mnavyotaka, sitakuwepo kusikia. Lakini siku ile nitakuwa hai, na ule ubeti ni wangu. Nirudishie."

"Ni wako," nikasema.

"Sema wasikie."

"Siku ya kubariki ataimba yeye mwenyewe."

Akasimama kunirudishia daftari. Nikasema, "Liweke tu hapo juu ya dawati." Alibaki amelinyoosha mkononi. Chumba kizima kiliona. Kisha akaliweka, polepole, akashika bega la mama yake, wakaanza kurudi bondeni, wakipumzika na kigoda kila hatua chache.

Jumapili ya pili yake kanisa likabarikiwa. Baba Askofu alikuja, na mapadri, na watu waliotoka hata Bukoba mjini. Yeye akaja amevaa gomesi, gauni la Kiganda, lililomzidi mwili. Mama yake alikuwa amelikunja kiunoni kwa pini. Akakaa mwisho wa benchi la sauti ya pili. Mwenyekiti wa kamati akaniinamia sikioni: "Mwalimu, na yule? Mbele ya Baba Askofu? Akikohoa je?"

Sikumjibu kitu. Ningemjibu siku ile, nisingekuwa na haja ya kuandika leo.

Wazee wakaimba Kilatini. Mzee akaingia na enanga, kanisa likatulia kama nyumba yenye mtoto aliyelala. Mvuvi akaita, tukaitikia. Enanga ikarudi kumalizia. Yeye akasimama. Alikuwa ameshavuta pumzi. Niliona mabega yakipanda. Alinitazama kungoja mkono wangu.

Mkono wangu ukamwonyesha binti.

Nimeutazama mkono huu mara nyingi tangu siku ile. Hakuna aliyeushika ukaelekea kule. Nilimwogopa Askofu, niliogopa kikohozi, niliogopa watu waseme kwamba kwaya yangu inaongozwa na mgonjwa wa kitambaa. Lakini zaidi ya hayo, nadhani nilikuwa nimeshamzoea akiwa amekufa. Nilikuwa nimemfanyia mazoezi mara tatu.

Binti alishtuka, akaanzia mahali pasipo. Hakuwa kwenye sauti ya enanga wala ya kinanda. Nilipokanyaga kinanda, mzee wa enanga alikuwa bado anagusa nyuzi akimtafuta, na vyombo viwili vikagongana mbele ya watu wote kama ndoo za bati. Mzee akaondoa mikono. Akaiinua enanga magotini, akailaza sakafuni. Tarumbeta ikaja juu, ngoma ikaja juu, Kiswahili kikafunika yote.

Yeye alibaki amesimama, mdomo umefungwa, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni, mama yake nyuma.

Baba Askofu akapiga makofi. Alisema hajawahi kusikia lugha nyingi namna ile zikimsifu Mungu pamoja.

Nje, mzee wa enanga alinipita akiwa ameikumbatia enanga yake. "Mwana wange," akasema bila kusimama, "sasa ndipo umemzika."

Wiki ileile kaka wa mwanamke yule alimpakia kwenye lori la kahawa akampeleka hospitali. Miezi ikapita. Nikawa nangoja habari, daftari liko sandukuni, jina lake bado limo kwa penseli. Sikuthubutu kufuta wala kufanya mazoezi. Jioni moja nikiwa kwenye baiskeli, nikamwona mwanamke anakuja na mkungu wa ndizi kichwani, shingo imenyooka, mashavu yamejaa. Nilipomtambua, gurudumu likaingia mtaroni.

Alisimama akanitazama nikiwa chini.

"Mwalimu," akasema. "Umeona mzimu?"

Ilikuwa kifua kikuu. Alichomwa sindano mpaka akapona, basi. Akauweka sawa mkungu kichwani, akaenda zake. Hakurudi kwenye kwaya, na ubeti wa Kiganda tuliuondoa. Mwaka uliofuata tulimzika mgambo. Kisha yule binti, ambaye hatukumdhania hata kidogo. Kisha mvuvi, tulisikia amezikwa kisiwani, hatukumwimbia. Kwaya iliisha kwa namna hiyo, benchi kwa benchi. Kuanzia siku ya baiskeli sikuandika tena jina la mtu aliye hai, lakini hilo si la kujisifia.

Sasa nakaa Ijuganyondo, Bukoba, kwa mwanangu. Nilipofiwa na mke wangu nilipekua sanduku, nikalikuta daftari. Nikalitazama siku kadhaa. Mwishowe nikapanda gari hadi Izigo.

Alikuwa uani anamenya ndizi, kisu mkononi, mwanamke mzee, macho yamefifia. Nilisalimia. Akaijua sauti.

"Mwalimu. Bado unahama-hama na mazoezi yako?"

Nikakaa kwenye kigoda. Sijui kama kilikuwa kilekile. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa mambo matatu: daftari, kikombe na mkono. Nilikuwa nimejiandaa kuyasema vizuri, nikayasema vibaya. Aliendelea kumenya.

"Hilo daftari unalo?"

"Ninalo."

"Nisomee waliomo."

Nikalifungua. Nikasema sina cha kusoma. Nilikuwa nimefuta wote. Limebaki jina moja tu, la kwake.

Kisu kikasimama. Nadhani hilo ndilo lililomshtua kuliko yote niliyowahi kumtendea. "Wote? Umewafuta wote?"

Akageuza uso upande wa bonde. Halafu akaanza kuwataja. Alianza na sauti ya kwanza, kutoka dirishani kwenda ukutani, jinsi walivyokuwa wakikaa. Halafu wale tuliowazika wasiokuwa wanakwaya, kibanja kwa kibanja, akishuka bondeni kwa kichwa chake. Mimi nikaandika kwa kalamu ya wino. Mara mbili alinisahihisha jina la ukoo. Tulipofika mwisho ndizi zilikuwa zimebadilika rangi kwenye sufuria.

"Na la kwako?" nikauliza. "Nilifute?"

"Liache. Ila usilipitishie wino. Sina haraka."

Nilipoinuka kuaga, nikamwuliza kitu ambacho sikustahili kuuliza: kama ubeti bado anaukumbuka.

"Ninao," akasema, akigusa koo kwa mpini wa kisu. "Unataka kuusikia?"

"Nataka sana."

"Utausikia siku yako. Wajukuu zangu wanaitikia vizuri, na jina lako linaingia bila shida, ni fupi." Akachukua ndizi nyingine. "Tumeshaanza mazoezi."

Nilisimama pale, kofia mkononi, nisijue kama ni utani. Alikuwa ameinamia sufuria yake. Nikashuka njia ya bondeni kuelekea barabarani, na nilipokwisha kuvuka mto nikasikia, kutoka ng'ambo, sauti ya pili ikianza taratibu bila chombo, ikipanda. Ilikuwa kamili, haikukosea popote. Nikaongeza mwendo, nisije nikasikia mahali ambapo jina langu linaingia.